Wazito Kumi wa Taifa

Haya yalitokea katika nchi moja ambayo kwenye ramani yenu haimo. Ukisoma ukahisi unaijua, na waziri wake unamjua, na hata uji wake uliwahi kuuonja, basi kosa ni la ramani. Mimi msinitie humo.

Katika nchi hiyo, kwa miaka kumi na moja, hakufa mtoto hata mmoja. Sisemi walikufa wachache. Nasema hakufa hata mmoja, na mwenye kubisha aje tufungue daftari, kwa sababu daftari niliandika mimi. Jina langu ni Kibwana Shomvi, Mpimaji Daraja la Kwanza, kata ya Chemchemi Mbili, mshindi wa tuzo ya Mpimaji Bora mara nne mfululizo. Hati yangu ni nzuri, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kufuta kitu.

Lazima niseme tulifikaje huko, maana watu wa siku hizi wanapenda kucheka kabla ya kusikiliza. Sisi tuliiona njaa. Mimi mwenyewe nilipigwa picha na mgeni nikiwa na miaka sita, mbavu zangu unazihesabu bila kunigusa. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima ikiombewa michango, na mimi sikupewa hata nakala. Niliiona nikiwa mtu mzima, imetundikwa ukutani kwenye ofisi ya watu, chini yake wameweka mashine ya kahawa. Kwa hiyo serikali ilipotangaza redioni kwamba mtoto wa nchi hii hataonekana mbavu tena, nilikaa kwenye kigoda nikalia. Sikuigiza.

Ukaja Uji wa Shukrani. Unga mweupe sehemu moja, mafuta sehemu moja, sukari sehemu moja, na sehemu ya nne sukari tena, hiyo iliitwa kirutubisho. Watoto waliunywa shuleni asubuhi, mchana na alasiri, wamesimama wima, mkono kifuani. Matunda yalikatazwa ndani ya uzio wa shule kwa kuwa yanajaza tumbo bila faida. Kukimbia nako kulikatazwa. Mtoto anayekimbia, waraka ulisema, anamwaga mali ya umma.

Kila miezi mitatu tuliwapima wote. Kilo zao zilijumlishwa kata kwa kata zikapelekwa makao makuu, na Waziri wa Siha na Unono, Mheshimiwa Nundu, alizisoma baada ya taarifa ya habari. "Ndugu wananchi, robo hii taifa letu limeongezeka tani elfu moja, mia tatu na sabini." Watu walipiga makofi vijiweni. Jirani yangu mmoja alichinja kuku.

*

Msingi wa kazi yetu ulikuwa Waraka Namba Saba, nao ulikuwa na sentensi moja: uzito wa mtoto haushuki. Daftari lilikuwa na safu ya jina, safu ya uzito wa robo iliyopita na safu ya ongezeko. Basi. Mtoto asiyehudhuria aliongezewa gramu mia sita, kwa hoja kwamba popote alipo anakua. Aliyehudhuria akaonekana amepungua, huyo alivikwa kizibao cha wizara chenye mifuko kumi na minane, na kila mfuko unatiwa jiwe la nusu kilo, mpaka mizani isome inavyotakiwa. Watu wa maneno wanasema huo ulikuwa uongo. Uongo uko wapi? Mizani ilisoma kilichokuwa juu yake.

Na wanaokufa? Aliyeuliza hivyo hakusikiliza. Safu ya kufa haikuwepo. Mtoto akizikwa Jumatatu, Jumanne akiitwa haitiki, na asiyeitika hakuhudhuria, na asiyehudhuria ni gramu mia sita.

Siku ya kupima ilikuwa na adabu zake. Watoto walijipanga kwa mpangilio wa daftari, na aliyezikwa aliachiwa nafasi yake. Hakuna aliyewafundisha. Wa nyuma alisimama hatua moja zaidi, wa mbele hakugeuka, na foleni ikisogea, ile nafasi tupu ilisogea nayo. Ikifika kwenye mizani, niliita jina. Kimya. Sindano ilitikisika kidogo juu ya sifuri, ikatulia. Fundi wa wizara aliandika kwamba ni upepo, na madirisha tulikuwa tumeyafunga kwa sababu ya vumbi. Mezani uji ulimiminwa kwa idadi ya daftari, kwa hiyo vikombe vya waliozikwa navyo vilikuwepo, vinafuka mvuke mbele ya mtu asiyeonekana. Tukimaliza kupima, vyote vilikuwa vitupu. Nani alivinywa sikuuliza. Kazi yangu ilikuwa mizani.

Benchi la mbele alikaa Bi. Arafa, mama yake Shaweji. Shaweji alizikwa mwaka wa nne sasa, lakini mama huyo hakukosa hata robo moja. Siku moja nilimwambia, kwa upole kabisa, kwamba hana haja ya kuhangaika na jua lile.

"Mwanangu anaitwa, Mpimaji," akasema. "Mtoto akiitwa, mzazi anakaa nyumbani?"

Nikamwambia mwanawe anaendelea vizuri, amefika kilo sitini na nane.

*

Mimi na mke wangu Subira tulijaliwa mtoto mmoja, Mwatatu, wa miaka tisa. Nilimpenda kupita kiasi, na niseme hivyo mapema msije mkadhani mtu wa mizani hana moyo. Alikuwa mnene mwenye mashavu, akicheka anafumba macho. Akipanda ngazi tatu za baraza letu alipumzika katikati, anajishika kiuno anasema, "Baba, mlima huu nani kauleta?" Watu walinipongeza barabarani. Kilo arobaini na saba, kwa miaka tisa, si mchezo.

Halafu robo moja akapungua kidogo. Nikamvika kizibao, mawe matano. Hakuona vibaya. Aliyapa majina ya walimu wake, na lile zito lililopasuka akaliita Mwalimu Mkuu. Robo iliyofuata yakafika mawe kumi. Iliyofuata yakafika kumi na nane na mifuko ikaisha, ikabidi nimshikishe langu la kuzuilia mlango. Alisimama kwenye mizani amejikunja kwa uzito wa mawe, mikono yake imekuwa myembamba, akanitazama.

"Baba, haya mawe yakinywa uji na yenyewe yatanenepa?"

Watu walicheka, nami nikacheka, nikaandika kilo arobaini na tisa na gramu mia nne kwa hati yangu nzuri. Usiku huo alikunywa mtungi mzima wa maji. Nilisema ni joto.

*

Wakati huo ndipo alipokuja Dk. Sikudhani Ngwali. Hakujipenyeza, aliitwa na wizara yenyewe, hilo lieleweke. Alikuwa mtafiti wa afya ya jamii, mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, na kwa miaka ishirini kazi yake ilikuwa kuwauliza watoto jana wamekula nini. Waziri alimpa maelekezo ya ukurasa mmoja: awatafute watoto kumi wazito kuliko wote nchini, achunguze wanakula nini, wanalala saa ngapi, wana siri gani, ili wengine milioni mbili wafundishwe. Mimi nilipewa heshima ya kumbebea madaftari, kwa kuwa watatu kati ya wale kumi walitoka katani kwangu.

Wa kwanza alikuwa Shaweji. Mngeuliza kwa nini sikumwambia mapema. Sikuulizwa. Niliulizwa nani mzito, nikasema.

Bi. Arafa alitutandikia mkeka. Daktari akatoa fomu yake na kalamu, akauliza kama Shaweji yuko shule.

"Yuko hapo nyuma," Bi. Arafa akasema, akatutangulia.

Tukapita jikoni, tukapita banda la kuku. Kaburi lilikuwa dogo, limefagiliwa, limezungushiwa vipande vya sahani zilizovunjika. Daktari aliangalia kaburi, akaangalia daftari mikononi mwangu, akaangalia kaburi tena.

"Alikuwa na kilo ngapi, mama?"

"Mwishoni nilimbeba kwa mkono mmoja. Kwanza alinenepa, kila mtu ananipongeza. Halafu ikaja kiu. Anakunywa, anakojoa, anakunywa. Halafu akanyauka, hata siku kumi na tano hazikufika. Siku ya kupima wakamvika mawe." Akanielekeza kidole bila chuki yoyote. "Huyu hapa alimvika. Alimvika vizuri, hakumuumiza."

Daktari alinitazama. Nikasema, kwa kuwa ilibidi mtu aseme kitu, kwamba kwa mujibu wa kanuni Shaweji hajaacha kuongezeka.

Tulizunguka nchi siku tisa. Wa pili tulionyeshwa na babu yake, chini ya mti wa mpera. Wa tatu na wa nne walikuwa pacha, wamelazwa pamoja. Kwenye nyumba ya saba Daktari hakutoa tena fomu. Nyumba ya kumi hakushuka garini. Alimwona bibi mmoja anatoka mlangoni na ufagio, anazunguka kwenda nyuma ya nyumba, ikawa imetosha.

"Mzee Shomvi," akaniambia njiani, "hii mia sita anaiandika nani?"

"Mpimaji."

"Na mtoto aliyekufa anaacha lini kuandikwa?"

"Akifikisha miaka kumi na minane. Hapo anahamishiwa daftari la wapiga kura."

Akaegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, akafumba macho. Nilidhani amelala. Baadaye akaanza kusema, polepole, kama anamfundisha mtoto.

"Unene huu unawaumiza wote, mzee. Pumzi, magoti, moyo. Hilo tunaweza kulirudisha nyuma, tukipewa miaka na tukiwanyang'anya ule uji. Lakini yuko mmoja ambaye hana miaka. Yule aliyekuwa mnene, halafu anakonda mwenyewe huku anakunywa maji kupita kiasi. Huyo sukari imempanda. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, na dawa yake ipo. Na huyo ndiye ninyi mnamvika mawe."

Nikasema barabara ni mbaya.

*

Siku hiyo, ilikuwa Jumanne, nilimkaribisha nyumbani kwa chakula cha mchana. Subira aliandaa wali na samaki. Mwatatu alikuja kumwamkia mgeni, akakaa karibu na mtungi. Daktari alikuwa anatafuna, akaacha. Alimtazama akinywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne.

Akatoa kifaa chake kidogo mkobani, akamchoma kidole. Mwatatu hakulia, aliuliza tu kama damu nayo inapimwa kilo. Daktari akasoma, akanivuta barazani.

"Mpeleke leo. Sikwambii kesho."

"Hospitali hawampokei," nikasema. Na ndivyo ilivyokuwa. Hospitali zetu zilipokea mtoto ambaye kadi yake ya uzito, inayojazwa na mpimaji, inaonyesha amepungua, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kupungua, wodi za watoto zilikuwa tupu, na utupu wake ulisomwa bungeni kila mwaka tukapongezana.

"Basi iandike kadi kweli. Kalamu ni yako. Ana kilo ngapi bila mawe?"

"Arobaini, pengine na kidogo."

"Andika hivyo, uende."

Subira alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Baba Mwatatu," akasema, "andika."

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu bila kutazama chini. Alhamisi ilikuwa sherehe ya kitaifa. Kata ikionyesha mtoto mmoja amepungua kabla ya Alhamisi, tuzo inakwenda kwingine, na mimi nilikuwa nasubiri ya nne. Nikawaza, siku mbili ni nini. Nikamwambia mke wangu nitaandika Ijumaa asubuhi na mapema. Alimbeba mtoto akaingia naye ndani, na mtoto wa miaka tisa habebwi kirahisi hivyo, nikaliona hilo, nikalipita.

*

Sherehe ilifana. Wazazi wa watoto kumi walikaa mstari wa mbele, kila mmoja amepewa kanga na mwavuli. Mheshimiwa Nundu alisimama akahutubia.

"Mtafiti wetu amezunguka nchi nzima. Na nimesoma muhtasari wa muhtasari wake. Watoto hawa kumi, ndugu zangu, hawaumwi. Hawalii. Hawasumbui wazazi wao usiku. Hawagombani na wenzao, wala hawazururi, muda wote wako nyumbani. Nani kati yetu hatamani mtoto wa namna hiyo? Ninatangaza lengo la serikali: kufikia robo ya nne ya mwaka kesho, watoto wote wa nchi hii wawe kama hawa."

Ukumbi ulisimama. Walipiga makofi mpaka wengine wakalowa jasho. Bi. Arafa aliitwa kupokea nishani ya mwanawe, akaigeuza geuza mkononi.

"Nimvike wapi, Mheshimiwa?"

"Popote utakapoona panampendeza, mama."

Ndipo Dk. Sikudhani alipopanda jukwaani bila kuitwa, akachukua kipaza sauti, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Wote kumi wamekufa. Nimeyaona makaburi. Wameuawa kwa uji na kwa mawe, na wapo wengine watakaokufa wiki hii."

Nilisikia feni. Na mshereheshaji wetu, mtu mwepesi sana, akachukua kipaza sauti cha pili akauliza Daktari ni mtu wa wapi. Akatajiwa. Mshereheshaji akacheka mpaka akajishika mbavu. "Ndugu zangu, mmesahau? Watu wa kwao na watu wa kwa Mheshimiwa Waziri ni watani. Na utani wa watani hawa, tangu enzi, ni wa kuzikana wakiwa hai. Daktari, tumekukoma." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waziri mwenyewe alicheka, akafuta machozi, akamrushia Daktari noti kama mtani anavyofanyiwa msibani. Kila alivyorudia kwamba wamekufa, kicheko kilizidi. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeshika tuzo yangu ya nne.

Kesho yake alipandishwa cheo, akawa Mkurugenzi wa Tafiti Zilizokamilika, katika ofisi ambayo mlango wake unafunguliwa kwa nje. Sijamwona tena.

*

Ijumaa asubuhi Mwatatu hakuamka vizuri. Alipumua haraka haraka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza, na nilipomwita aliniita jina la mtu mwingine. Nikambeba. Alikuwa mwepesi, na mikono yangu, ambayo imebeba watoto wa kata nzima, ilijua kilo zake kabla hajafika kifuani. Thelathini na tisa.

Kadi nilikuwa nayo mfukoni. Ile namba ya kweli sikuwa nimeiandika. Nilijiambia nitaiandika nikifika.

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda ishirini, shuka zimenyooshwa, hazijawahi kulaliwa. Muuguzi alikuwa binti mdogo, amekaa peke yake anasoma gazeti. Alipotuona aliinuka haraka, akamgusa Mwatatu shingoni, akamfunua jicho. Kisha akasoma kadi.

"Mzee, kadi inasema anaongezeka."

"Ndiyo."

"Lakini mtoto huyu amekonda. Na hii pumzi naijua, tulifundishwa chuoni. Dawa ninayo kwenye friji, haijawahi kufunguliwa." Akatazama mlangoni. Pale alikuwa amesimama Mkaguzi wa Unono, mtu wa wizara, kila hospitali ilikuwa na wake. Muuguzi akashusha sauti. "Siwezi kuifungua bila kadi kuonyesha amepungua. Nani mpimaji wenu? Aje asahihishe."

"Ni mimi."

Akafurahi, masikini. Akanipa kalamu yake. "Basi mzee, sahihisha hapa, mstari mmoja tu. Kata hii namba, andika ya kweli, uweke sahihi kwamba mwanzo ulikosea."

Niliishika kalamu. Naapa niliishika. Mkaguzi akasogea akauliza kuna tatizo gani, na mimi ndiye nani, na kama si mimi yule Mpimaji Bora aliyemwona jana jukwaani. Akanipa mkono. Akasema ni fahari kubwa kukutana na mtu ambaye hajawahi kukosea.

Na mdomo wangu ukasema, "Mimi sikosei."

Nikamrudishia binti kalamu yake. Aliitazama, akanitazama, akasema taratibu, "Mzee, tafadhali." Nikasema mizani ya kata ya Chemchemi Mbili haina hitilafu, mtoto amechoka tu, na nikambeba tukatoka kwa mwendo wa heshima. Tukafika nje ya geti. Nikasema nitarudi Mkaguzi akienda kula. Nikakaa chini ya ukuta na mwanangu mapajani tangu saa nne mpaka saa tisa alasiri, na Mkaguzi aliletewa chakula pale pale mlangoni.

Mwatatu alifariki Jumapili. Subira hakunilaumu kwa neno. Hakuniambia neno lolote.

*

Robo ikafika, na siku ya kupima ikafika. Nilikwenda kazini, maana sikujua pa kwenda kwingine. Watoto walijipanga kwa mpangilio wa daftari. Nilijua itakuwepo, lakini kujua si kuona: kati ya binti wa fundi cherehani na mtoto wa mwalimu waliacha nafasi, ndogo, ya kimo cha mtoto wa miaka tisa. Foleni ikasogea, nayo ikasogea. Subira alikuwa benchi la mbele, kando ya Bi. Arafa. Bi. Arafa alikuwa amemsogezea kanga yake wakae wote.

Nafasi ikafika mbele ya mizani. Nikaita, "Mwatatu binti Kibwana." Sindano ikatikisika juu ya sifuri, na haikutulia upesi kama ya wengine. Ilitikisika muda mrefu, kama mtu anayejaribu kupanda ngazi na miguu haimfai. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Mtu yeyote asiniambie upepo.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikiandika mia sita, nilijua kitakachofuata. Ataongezeka. Atapita hamsini, atapita sitini, ataitwa kila robo aje ajaribu kupanda, mpaka apige kura. Nilimpenda mwanangu kuliko heshima yote niliyopewa na nchi hii, na kulijua hilo nilichelewa siku tano, tangu ile Jumanne hadi ile Jumapili.

Nikachukua rula, nikachora safu mpya pembeni mwa daftari. Kichwa chake nikaandika: Amefariki. Nikaandika jina lake, likawa la kwanza.

Sindano ikasimama.

Bi. Arafa aliinuka. "Mpimaji, na wangu." Nikamwandika Shaweji. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, kina mama, kina baba, mabibi, wengine wametoka nyumbani kwa miguu baada ya kusikia. Hakuna aliyelia kwa sauti. Kila mmoja alitaja jina na uzito wa mwisho anaoukumbuka, nami niliandika, na kila nikiandika, watoto kwenye foleni walisogeleana wakaziba pengo. Nilianza saa tatu, nikamaliza saa sita. Walikuwa arobaini na wanne. Siku hiyo vikombe arobaini na vinne vya uji vilibaki mezani vimejaa, vimeganda utando juu.

*

Serikali iliomboleza kwa siku tatu. Mheshimiwa Nundu alilia redioni, na naamini machozi yalikuwa ya kweli. "Kwa miaka kumi na moja hatukupoteza mtoto hata mmoja," alisema. "Akaja mtu mmoja, asubuhi moja, na kalamu." Nikashitakiwa kwa kuua watoto arobaini na wanne kati ya saa tatu na saa sita mchana.

Mahakama ilijaa wazazi. Hakimu alikuwa mtu makini, alitaka kila mtoto apewe haki yake, akasoma majina moja moja na kila jina akaniuliza nilimuua au sikumuua. Shaweji bin Fumo. Nikasema sikumuua mimi peke yangu, na siku niliyomwandika alikuwa ameshazikwa miaka minne. Hakimu akamwambia karani aandike: amekana. Tukaendelea hivyo, jina kwa jina, tangu asubuhi. Nikakana arobaini na watatu. Wakili wangu alianza kutabasamu, akaninong'oneza kwamba tunakwenda vizuri, nikane na huyu wa mwisho tu.

"Mwatatu binti Kibwana," hakimu akasoma. "Ulimuua au hukumuua?"

Subira alikuwa safu ya pili. Tangu ile Jumapili hakuwahi kunitazama usoni, na sasa alinitazama.

"Huyo nilimuua," nikasema. "Ijumaa, wodi ya watoto, saa nne asubuhi. Nilipewa kalamu nikairudisha."

Karani aliandika, akasimama, akauliza uzito wa marehemu, kwa sababu fomu yao nayo ilikuwa na safu hiyo. Hakimu akafungua kielelezo, kadi yangu ya hati nzuri, akaanza kumsomea: arobaini na tisa na gramu mia nne.

"Thelathini na tisa, mheshimiwa," nikasema. "Nilimbeba mwenyewe. Andikeni thelathini na tisa, msiongeze kitu."